Je, Wajua? Kwa Nini Mwanafunzi Hodari Huchoka Kabla ya Digrii

Je, wajua kwamba mtaalamu aliyefungua utafiti wa uchovu uliokithiri alikuwa mgonjwa wake mwenyewe? Herbert Freudenberger alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926, akakimbilia Marekani angali mtoto ili kuwaepuka Wanazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mwanasaikolojia jijini New York. Mchana kutwa alihudumia wateja wake. Jioni alikwenda kujitolea katika kliniki ya bure iliyowapokea vijana waliotopea katika dawa za kulevya, akarudi nyumbani usiku wa manane. Aliendelea hivyo mpaka mwili ukagoma. Ndipo akachukua kinasa sauti, akajirekodi akieleza hali yake, kisha akaketi kujisikiliza kama ambavyo angemsikiliza mgonjwa mgeni. Alimsikia mtu aliyechoka, mwenye hasira nyingi.

Mwaka 1974 alichapisha makala yake, na ndani yake aliweka angalizo ambalo mpaka leo halijatuingia vizuri: wanaoangukia katika hali hiyo ni wale waliojitoa zaidi. Mvivu haimpati kirahisi.

Nimeanza na angalizo hilo kwa makusudi. Katika vyuo vyetu, mwanafunzi anayeacha kuingia darasani huhukumiwa upesi: amelewa uhuru, hana malengo, chuo kimemshinda. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini chunguza vizuri, utawakuta miongoni mwao waliokuwa vinara wa kidato cha sita shuleni kwao, waliosomea kibatari, waliopigiwa vigelegele siku barua ya udahili ilipofika. Hawa ndio ninaowaandikia leo, wao na wazazi wao.

Je, wajua kwamba kipimo maarufu kuliko vyote cha uchovu huu kilitungwa na mwanamke aliyesababisha jaribio la gereza la Stanford lifungwe? Mwaka 1971 Philip Zimbardo aligeuza sehemu ya chini ya jengo la chuo kuwa gereza la maigizo, akawagawa wanafunzi wa kiume: hawa mahabusu, wale askari. Jaribio lilipangiwa wiki mbili. Christina Maslach, aliyekuwa ametoka kumaliza shahada ya uzamivu, alifika kutazama, akaona vijana wanavyodhalilishwa, akamkabili Zimbardo palepale. Siku ya sita jaribio likasitishwa. Miaka 10 baadaye, mwaka 1981, Maslach akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yeye na Susan Jackson walitoa dodoso la maswali 22 linalopima mambo matatu: kuishiwa nguvu, moyo kuingia ganzi, na kujiona hufanyi lolote la maana.

Dodoso hilo liliwalenga wauguzi, walimu na watu wengine wa huduma. Mwaka 2002 Wilmar Schaufeli wa Uholanzi na wenzake walilirekebisha liwafae wanafunzi, wakalijaribu katika vyuo vya Hispania, Ureno na Uholanzi. Maswali yakawa 15. Ukiyahamishia vyuo vya Mlimani, Dodoma, Moi au Makerere, mambo yale matatu utayatambua mara moja. La kwanza, mtu anaamka amechoka kuliko alivyolala. La pili, masomo aliyoyapenda anaanza kuyasema vibaya: kozi haina maana, nasoma ili niondoke tu. La tatu, hata akipata B+ anaona amebahatisha. Kwa maoni yangu hilo la pili ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu mhadhiri akiliona husoma kiburi mahali palipo na uchovu, na kiburi hakuna anayekipeleka kwa mshauri nasaha.

Kisha kuna jambo ambalo wengi halijawafikia. Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu huu katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 2022. Halikuuita ugonjwa. Liliueleza kuwa hali itokanayo na msongo wa kazini usiodhibitiwa vyema, na likaongeza kwamba usitumike kuelezea sehemu nyingine za maisha. Kwa tafsiri hiyo finyu, mwanafunzi hayumo.

Hapo sikubaliani. Mwanafunzi wa Tanzania aliyetoka shule ya msingi ya serikali alisoma miaka yake ya kwanza kwa Kiswahili, sekondari akahamishiwa Kiingereza, na chuoni anatakiwa kujenga hoja juu ya nadharia nzito kwa lugha ambayo nyumbani kwao haisemwi. Anaishi kwa bumu, ile fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo mwaka 2022 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Humo mna chakula na malazi, na kivitendo mna nauli ya daladala, bando la intaneti na fotokopi za madesa, yaani maandishi ya masomo. Wapo wanaoimega wakatuma kijijini mdogo wao alipiwe michango ya shule. Mchana ni vipindi, jioni ni kazi za kikundi ambazo watu wawili huzifanya kwa niaba ya kumi, usiku ni kupiga msuli. Mwisho wa muhula kuna UE, mtihani wa chuo, nyuma ya UE kuna sapu, mtihani wa marudio, na nyuma ya sapu kuna kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Kama hiyo si kazi, basi sijui tuiite nini.

Afrika, kwa kweli, ilikuwa na habari za uchovu wa wanafunzi kabla ya Freudenberger. Mwaka 1960 daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada, Raymond Prince, alichapisha taarifa kuhusu wanafunzi wa Nigeria waliofika hospitali na malalamiko yanayofanana. Kichwa kinawaka moto, au ni kama kuna wadudu wanatambaa ndani yake. Macho yanaingia ukungu. Anasoma ukurasa mzima na hakuna kinachobaki. Wenyewe walisema ubongo umechoka kwa kusoma. Prince alidhani chanzo ni mgongano: elimu ya kigeni ilimtaka kijana apambane peke yake, ilhali alikulia katika jamii ambayo kila kitu hufanywa kwa pamoja, na mara nyingi ada yake ilichangwa na ndugu wanaosubiri matunda.

Mwaka 1994 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliiorodhesha hali hiyo miongoni mwa hali zilizo za utamaduni fulani tu. Mwaka 2013 toleo jipya halikuiweka tena kwenye orodha yake. Na watafiti walipofukua maandiko ya Uingereza ya karne ya 19, walikuta malalamiko yaleyale, kwa jina hilohilo la uchovu wa ubongo, yakitolewa na wasomi na watu wa maofisini wa huko. Kumbe kilichodhaniwa kuwa udhaifu wa kichwa cha Mwafrika kilikuwa kimewatesa Waingereza wenyewe miaka mingi kabla. Jambo hili lingefundishwa kila chuo barani humu, maana bado wapo vijana wanaodhani wanachoka kwa kuwa hawakuumbiwa vitabu.

Je, wajua kwamba mtihani huchelewesha kidonda kupona? Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Phillip Marucha, Janice Kiecolt-Glaser na Mehrdad Favagehi, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi 11 wa udaktari wa meno. Kila mmoja alikubali kutobolewa kidonda kidogo, upana wa milimita 3.5, juu kinywani kwenye kaakaa gumu. Alitobolewa mara mbili: mara ya kwanza wakati wa likizo ya kiangazi, mara ya pili, upande mwingine wa kaakaa, siku 3 kabla ya mtihani mkubwa. Kidonda kilipigwa picha kila siku mpaka kikafunga. Mdomo ni uleule, mtu ni yuleyule, kidonda ni kilekile. Wakati wa mtihani kilichukua wastani wa siku 3 zaidi, yaani asilimia 40 zaidi ya muda wa likizo. Hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyepona upesi wakati wa mtihani kama alivyopona likizoni.

Kwa hiyo rafiki yako akilalamika kwamba kila UE inapokaribia hupatwa na mafua, vidonda vya mdomo au tumbo la kuvuruga, usimwambie anatafuta kisingizio. Msongo unaufikia mwili mpaka kwenye ngozi.

Sasa tuje kwenye hulka, maana swali linaloulizwa zaidi ni hili: mbona tunasoma kozi moja, tunakula mezani pamoja, huyu anavunjika na yule anasonga mbele?

Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza wakihesabu maneno yanayoweza kumwelezea mtu. Wakapata 17,953. Vizazi vya watafiti vilivyofuata viliyachambua kwa hesabu za takwimu mpaka yakakusanyika katika mafungu matano: udadisi wa mambo mapya, nidhamu ya kazi, uchangamfu, upole wa kupatana na watu, na wepesi wa kuingiwa na hofu. Mwaka 2009 Arthur Poropat wa Australia alijumlisha tafiti nyingi zilizohusu wanafunzi zaidi ya 70,000, akaona kwamba katika mafungu hayo, linalotabiri alama vizuri zaidi ni nidhamu ya kazi, na kwamba mchango wake kwa sehemu kubwa hautegemei akili za kuzaliwa. Kwa upande wa uchovu, fungu linalojitokeza tena na tena katika tafiti ni la mwisho. Mwenye moyo mwepesi wa hofu huupata upesi zaidi.

Nani aliyesema, lakini, kwamba watu wote duniani hugawanyika katika mafungu hayo matano? Wenzetu waliokwenda kuwauliza Wamaasai wa Kenya na Tanzania walipata jibu jingine. Walikusanya maneno ya kumwelezea mtu kutoka kamusi za Kimaa, wakawaomba wasemaji wenyewe wachague yanayotumika zaidi, kisha wakawahoji watu wawaelezee watu wanaowafahamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mafungu yalikuwa matano pia, ila si yale ya Ulaya na Marekani. Lililotangulia lilikuwa la uadilifu: je, mtu huyu ni mwema, anaheshimu, anategemewa? Mengine yalihusu unyonge wa mwili na moyo, ujasiri, majivuno na woga. Kabla yao, mwaka 2013, watafiti waliofanya kazi na Watsimane wa Bolivia, watu 632 wanaoishi kwa kulima na kuwinda, nao hawakuyapata mafungu matano ya vitabuni. Walipata mawili: kusaidia wenzako na kuchapa kazi.

Naona jambo hili ni zito kwa yeyote anayegawa madodoso ya hulka katika vyuo vya Afrika Mashariki. Kipimo kilichoshonwa kwa watu wengine kinaweza kutuacha tukipima tusichokusudia.

Kuna hulka moja inayostahili kutazamwa peke yake kwa sababu husifiwa sana: kutaka kila kitu kiwe kamilifu. Mwaka 2017 Thomas Curran na Andrew Hill walitoa uchambuzi wa madodoso yaliyojazwa na wanavyuo 41,641 wa Marekani, Kanada na Uingereza kati ya mwaka 1989 na 2016. Hisia kwamba watu wanakudai uwe mkamilifu ilikuwa imepanda kwa asilimia 33. Kijana wa sasa anajisikia kudaiwa na macho mengi kuliko kijana wa mwaka 1989. Kwetu sisi orodha ya wanaodai ni ndefu: baba, mama, mjomba aliyetoa nauli, kanisa au msikiti uliomwombea, kijiji kizima kinachomwita mwanasheria tangu akiwa mwaka wa kwanza.

Je, wajua kwamba baadhi ya mafunzo makubwa kuhusu msongo yalitoka kwa nyani wa Maasai Mara? Robert Sapolsky, mwanabiolojia wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Stanford, alianza kuwafuatilia mwaka 1978, akawa anarudi Kenya mwaka baada ya mwaka. Alimvizia nyani dume kwa mrija wa kupuliza, akamchoma kishale cha dawa ya usingizi, akasubiri alegee, akachukua damu upesi kabla homoni hazijabadilika, kisha akamwacha aamke arudi kwa wenzake. Alikuwa akitafuta kotisoli, homoni ya msongo.

Alichokitarajia alikipata. Pale ngazi za ukubwa zilipotulia, nyani wa chini, anayenyang'anywa chakula na kupigwa ovyo, alikuwa na kotisoli nyingi kuliko mkubwa. Ila cheo peke yake hakikutosha kueleza kila kitu. Madume wawili wa cheo kimoja waliweza kuwa na damu tofauti kabisa. Mmoja akimwona hasimu wake amelala kwa mbali, hawezi kuendelea na shughuli zake. Mwingine anajua kutofautisha hasimu anayekuja kwa shari na hasimu anayepita tu. Huyu wa pili ndiye aliyekuwa na kotisoli ndogo. Vivyo hivyo wale waliotumia muda mwingi kukaa na kuchambuana manyoya na majike wasiokuwa wakiwatafuta kwa kujamiiana, na kucheza na watoto. Hulka, basi, ina nguvu yake.

Kisha likatokea ambalo hakuna aliyelipanga. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakali zaidi wa kundi moja walizoea kwenda kupigania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama yenye kifua kikuu ikaingia jalalani, na madume hao wote wakafa. Waliobaki walikuwa majike, watoto, na madume wapole wasiopenda ugomvi. Kundi likabadilika. Vipigo vya ovyo vilipungua, watu, nitawaita watu, wakakaa karibu zaidi na kuchambuana zaidi. Sapolsky na Lisa Share walichapisha habari hiyo mwaka 2004, na walieleza jambo la kushangaza: miaka 10 baadaye, madume wapole wa mwanzo walikuwa wameshatoweka, nafasi zao zimeshikwa na madume wapya waliokulia makundi mengine, na upole ulikuwa bado upo. Wageni walikuwa wamejifunza desturi ya hapo. Na nyani wa chini katika kundi hilo hawakuonyesha dalili za msongo walizozionyesha nyani wa chini wa makundi mengine.

Nyani ni wa aina ileile, mbuga ni ileile. Kilichobadilika ni namna wanavyotendeana. Idara ya chuo nayo ina desturi yake. Ipo ambayo mhadhiri hujivunia idadi ya aliowafelisha, na wanafunzi wa mwaka wa tatu huwatisha wa mwaka wa kwanza tangu wiki ya kwanza. Na ipo ambayo mwanafunzi aliyekosa vipindi viwili hupigiwa simu na mwenzake. Wanafunzi wawili wa idara hizo, hata wakiwa na hulka moja, hawatamaliza wakiwa na afya moja.

Mfano mwingine unatoka kisiwa cha Kauai, Hawaii. Emmy Werner na Ruth Smith walifuatilia watoto wote waliozaliwa hapo mwaka 1955, jumla yao 698, mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40. Takriban mmoja kati ya watatu alianza maisha katika shida zilizorundikana: ufukara, uzazi wenye matatizo, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili, nyumba ya ugomvi. Wengi wa hao walipata matatizo makubwa ukubwani au kabla yake. Lakini 72 kati yao walikua wakawa watu wazima wenye uwezo, wanaojiamini na wanaojali wenzao. Walipochunguzwa, wapo waliokuwa na hulka ya kuvutia watu tangu uchanga. Kilichojitokeza sana, hata hivyo, ni kwamba karibu kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemshika mkono bila kumwachia: bibi, shangazi, mwalimu, jirani.

Ustahimilivu, kwa hiyo, si mali ambayo mtu huzaliwa nayo mfukoni. Sehemu yake kubwa anaishikilia mtu mwingine kwa niaba yake.

Ndiyo maana nina shaka na mahubiri ya ung'ang'anizi yaliyoenea tangu Angela Duckworth alipochapisha utafiti wake mwaka 2007. Yeye mwenyewe ni mtafiti makini. Lakini mwaka 2017 Marcus Credé na wenzake walijumlisha sampuli 88 zenye watu 66,807, wakaona kwamba ung'ang'anizi huo unakaribia kuwa kitu kimoja na ile nidhamu ya kazi iliyojulikana zamani. Kumwambia aliyekwishachoka akaze zaidi ni kumrudishia maradhi yake kwa jina la dawa.

Je, wajua kwamba saa moja inaweza kubadilisha miaka mitatu ya chuo? Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walieleza jaribio lao kwa wanafunzi 92 wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Marekani, Weusi na Weupe. Waliwapa maelezo ya waliotangulia, wakisema kwamba mwanzoni karibu kila mmoja hujiona mgeni na asiyestahili kuwepo, na kwamba hali hiyo hupita. Kisha wakawataka waandike jinsi jambo hilo linavyofanana na yaliyowapata wao. Basi. Katika miaka mitatu iliyofuata, alama za wanafunzi Weusi waliopitia zoezi hilo zilipanda kiasi cha kupunguza kwa nusu pengo lililokuwa kati yao na wenzao Weupe, na walieleza kuwa na afya bora. Wengi wao hawakukumbuka hata walichoambiwa siku ile. Serikali za wanafunzi, ambazo kila mwaka hupokea wageni wiki ya utambulisho, zingeweza kufanya jambo hili bila senti.

Kwa wanaokesha, neno moja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha likafunga karatasi na kuandika lilichokumbuka mara tatu. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walishinda. Baada ya wiki moja, walikumbuka asilimia 40, na wale waliojipima asilimia 61. Kurudia madesa usiku kucha humpa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo haifiki siku ya mtihani. Jiulize maswali mchana, usiku ulale.

Na hulka yenyewe hubadilika. Mwaka 1890 William James aliandika kwamba kufikia miaka 30 tabia ya mtu imeshaganda. Tafiti za kufuatilia watu kwa miaka mingi zimeonyesha vingine: kati ya miaka 20 na 40 ndipo hulka hubadilika zaidi, na kwa wengi hubadilika kwenda pazuri, nidhamu ikiongezeka na hofu ikipungua. Aliye na miaka 21 na anajiona mwoga wa maisha hajaandikiwa kubaki hivyo.

Msaada nao si lazima uanzie kwa bingwa mwenye joho. Nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache wa magonjwa ya akili nchini humo, alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Familia ilimweleza kwamba hawakuwa na nauli ya basi ya kumleta hospitali. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, Harare, alianza kuwafundisha akina bibi 14 kusikiliza watu wakiwa wamekaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Mwanzoni benchi lilipewa jina lenye kutaja afya ya akili, na watu wakalikwepa. Akina bibi ndio walioshauri liitwe la urafiki. Mwaka 2016 jaribio lililohusisha watu 573 lilionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliokaa na bibi na bado wana dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7, dhidi ya asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida. Mradi huo, Friendship Bench, umeshafika Malawi na hata Zanzibar.

Kenya nayo ina Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Tom Osborn. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi, baadhi yao walikutana kwa vikundi mara nne na vijana waliotoka kumaliza sekondari, wakazungumza juu ya kukua, shukrani na mambo wanayoyathamini. Dalili zao zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Waliowasaidia hawakuwa madaktari. Walikuwa rika la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni.

Namalizia na takwimu moja inayoniuma. Desemba 2016 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti kutoka nchi 43 kuhusu wanafunzi wa udaktari, watu wanaosomea kutambua magonjwa ya wengine. Asilimia 27.2 walikuwa na sonona au dalili zake. Asilimia 11.1 walikuwa wamewahi kufikiria kujiua katika kipindi kilichoulizwa. Na katika waliokuwa na dalili, waliotafuta matibabu walikuwa asilimia 15.7 tu.

Wewe unayesoma haya ukiwa hosteli, kama umejitambua katika mistari hii, nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi au kituo cha afya cha chuo wiki hii, kabla ya UE, na mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba umekwenda. Kama si wewe bali ni jirani yako wa chumba, yule ambaye siku hizi haingii kipindi na simu hapokei, mgongee mlango leo. Na mzazi, mwanao akirudi likizo, kabla hujamuuliza GPA, muulize analala saa ngapi na anakula nini.